Thawabu si Mshahara



Nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe, ili mtu asiseme kwamba katekista huona kibanzi katika macho ya wenzake tu.

Mwaka jana tulimzika mzee mmoja katika kijiji kilicho kando ya njia iendayo Kabambare kutoka Kasongo. Alikuwa mtu wa heshima, Mkristu wa siku nyingi. Miaka mitatu alilala kitandani, upande mmoja wa mwili wake umekufa. Siku ya maziko wanawe walifika: wa kwanza alitoka Kindu, wa pili alitoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, na wa tatu, akiwa Bukavu, alituma fedha kwa simu. Wakaleta sanduku zuri, mchele, mafuta ya mawese na mbuzi wawili. Watu wakasimama mmoja mmoja kuwasifu. Nami niliyeongoza sala, kwa kuwa Padri alikuwa safarini, nikawasifu vilevile. Nikasema: hawa ndio watoto walioshika amri ya nne ya Mungu.

Nyuma ya nyumba, karibu na mafiga, alikaa msichana wa miaka kumi na minane, mjukuu wa marehemu. Yeye ndiye aliyemwosha babu yake kila asubuhi kwa miaka ile mitatu. Ndiye aliyemgeuza usiku, ndiye aliyefua nguo zilizochafuka, ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko. Kwa ajili ya kazi hiyo aliacha shule. Hakuna aliyemtaja. Matanga yalipokwisha alinijia akaniuliza: "Mwalimu, babu amekwenda kwa Mungu. Sasa mimi naanzia wapi?" Nikamjibu kama tulivyozoea kujibu: "Binti yangu, thawabu yako iko mbinguni." Akainamisha kichwa, akasema asante, akaenda zake.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilitambua ya kuwa nimelipa deni la watu wengine kwa fedha isiyo yangu. Thawabu ni mali ya Mungu, naye huigawa apendavyo. Mshahara, pumziko, sabuni na shukrani ni deni letu sisi. Tunapomwambia mtu aliyechoka kwamba Mungu atamlipa, mara nyingi maana yake ni kwamba sisi hatutaki kumlipa.

Basi, neno langu leo ni juu ya watu wanaowatunza wazee na wagonjwa wasioweza kujitunza. Sisemi juu ya wazee wenyewe, maana juu yao tumehubiri sana. Nasema juu ya mikono inayowashika.

Watu hao ni nani?

Katika nchi za Ulaya na Marekani wazee wengi huishi katika nyumba zilizojengwa kwa ajili yao, wakihudumiwa na watumishi wa mshahara. Huku kwetu Maniema ya kusini wazee walio wengi wanaishi nyumbani kwa watoto wao au kwa wajukuu. Lakini mtu asidhani kwamba kwa kuwa hakuna nyumba ya wazee, hakuna kazi wala watumishi. Kazi ipo, tena ni ileile. Watumishi wapo: binti asiyeolewa, mkaza mwana, mjukuu, kijana wa kibarua aliyepewa chakula na nguo iliyochakaa, na yule ndugu anayelala juu ya mkeka chini ya kitanda cha hospitali, akimpikia na kumwosha mgonjwa wake. Wapo pia wauguzi na wafagiaji wa vituo vya afya, ambao wazee huletewa kwa kipoyi au kwa pikipiki wakati hali imekuwa mbaya.

Wengi wetu hatujui kazi hiyo ilivyo, maana tunafika kusalimu mchana, mgonjwa akiwa amekwisha kuoshwa. Mtu asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulala upesi. Waganga hufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, mchana na usiku. Mhesabie usiku mmoja: ataamka mara ngapi mwenye kumgeuza? Mzee mzima, hata akikonda, si mzigo wa msichana mmoja kumnyanyua bila kuumia mgongo. Mzee aliyepooza asipoketishwa vizuri wakati wa kula, chakula chaweza kuingia kwenye njia ya pumzi. Haya yote yana ufundi wake. Nani amemfundisha yule binti? Hakuna. Tulimwambia tu: "Kaa na babu."

Tena liko jambo linalouma kuliko kazi yenyewe. Wazee wengine hushikwa na ugonjwa wa kusahau. Mzee huyo huficha fedha zake chini ya mkeka, kisha husahau, kisha hupiga kelele kwamba ameibiwa. Anamshitaki nani? Anamshitaki aliye karibu, yaani mwenye kumtunza. Na jamaa waliokuja kutembea siku moja humsadiki mgonjwa, humkaripia mtunzaji. Mzee akifa, maneno ni mabaya zaidi: "Ulimpa nini jana jioni? Mbona alikuwa na nguvu Jumapili?" Mtu aliyekesha miaka mitatu hugeuzwa mwizi, au hata mchawi, kwa siku moja.

Mwenye nyumba ya wageni

Wakristu wote wanaujua mfano wa Msamaria mwema. Mimi mwenyewe nimeufundisha mara nyingi mbele ya wakatekumeni. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kumwangalia yule mwenye nyumba ya wageni, ambaye majeruhi aliachwa mikononi mwake? Huyo ndiye aliyebaki na kazi.

Tazameni alivyotendewa. Msamaria hakumtupia mgonjwa akaenda zake. Kwanza, usiku ule alimwuguza yeye mwenyewe. Pili, kesho yake alitoa dinari mbili. Na katika mfano mwingine wa Bwana wetu, ule wa shamba la mizabibu, dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku nzima. Tatu, aliahidi kurudi, na kulipa kila kitakachozidi. Hakumwambia mwenye nyumba kwamba malaika wataandika. Alishika zamu, alilipa, akaahidi kurudi. Mambo matatu. Sisi tunajiita wafuasi wa Msamaria, na yote matatu tumeyaacha.

Watakaonipinga

Najua maneno yatakayosemwa juu yangu. Nitayajibu moja moja.

Wa kwanza watasema: "Kumtunza mzazi ni upendo, na upendo haulipwi. Katekista huyu anataka kuleta desturi za kizungu, mtoto ampelekee baba yake hesabu ya mshahara."

Sivyo, ndugu zangu. Nasema kwamba amri ya nne imewekwa juu ya kila mtoto, si juu ya yule mmoja aliyekosa nauli ya kuondoka. Mzee ana watoto sita. Watano wamekwenda, na wa sita amebeba sehemu ya wote. Je, huyo peke yake ndiye mwenye baba? Wale watano hawatoi upendo. Wanatumia upendo wa mwenzao. Na mara nyingi huyo wa sita si mtoto wa mzee hata kidogo, ni mkaza mwana aliyetoka ukoo mwingine, ambaye akichoka huambiwa kwamba mahari yake yalitolewa. Hilo si upendo, ni utumwa uliovikwa kitenge. Sisi watu wa Kasongo, ambao mababu zetu waliona misafara ya watumwa ya siku za Tippu Tip, tusione haya kulitaja neno hilo likiwa nyumbani kwetu.

Wa pili watasema: "Fedha hakuna."

Najua kwamba fedha hakuna. Najua njia zetu wakati wa mvua, najua bei ya sabuni inapofika Kabambare, najua watu waliokimbia makundi ya Mai-Mai huko Salamabila na kuacha mashamba. Lakini kwanza, fedha ya sanduku ilitoka wapi? Mbuzi wawili walitoka wapi? Fedha hupatikana kwa maziko, haipatikani kwa uji. Pili, mambo mengi anayohitaji mtunzaji si fedha. Kumpokea usiku mmoja kwa juma ili alale, hakununuliwi sokoni. Kumtetea anaposingiziwa wizi, hakulipwi franka moja. Kumfundisha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuvunja mgongo, ni kazi ya nusu saa kwa mwuguzi wa kituo.

Tena Kasongo yetu yenyewe ni shahidi. Katika miaka ya 1970 waganga wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerpen, Ubelgiji, wakishirikiana na wauguzi wa hapa, walijaribu Kasongo namna mpya ya kupanga kazi ya afya: vituo vidogo karibu na watu, chini ya wauguzi, na hospitali ikisimama nyuma yao. Waliyojifunza yaliandikwa na kusomwa katika nchi nyingi, na yalisaidia kuweka mpango wa zoni za afya ulioenea Kongo nzima. Na msingi mmoja wa kazi ile ulikuwa huu: mwuguzi wa kituo cha mbali haachwi peke yake, hutembelewa, husikilizwa, huongezewa maarifa. Basi, kilichofundishwa kwa ulimwengu kutoka Kasongo, je, Kasongo ikisahau?

Wa tatu watasema: "Dawa ni kujenga nyumba kubwa za wazee kama za Ulaya. Huko kuna fedha, na mambo ni mazuri."

Siwakatazi kujenga. Lakini wasidhani kuta zitatosha. Ubelgiji ni nchi tajiri, na nyumba zake za wazee ni nyingi. Katika nyumba hizo wamo wanawake wengi waliotoka Afrika wakifanya kazi ya kuosha na kulisha, na Wakongo ni miongoni mwao. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa Covid-19, zaidi ya nusu ya watu waliokufa Ubelgiji katika miezi ya kwanza walikuwa wakaaji wa nyumba za wazee. Watumishi walikosa barakoa, walifanya kazi wakiwa wachache na wenye hofu, huku mahospitali yakihudumiwa kwanza. Hata shirika la Médecins Sans Frontières, ambalo tumezoea kuliona huku kwetu penye vita na kipindupindu, lililazimika kuingia katika nyumba za wazee za Ubelgiji kuwasaidia na kuwafundisha watumishi. Kumbe hata penye fedha, anayewatunza wazee huweza kuwa wa mwisho kukumbukwa. Kosa haliko katika umaskini tu. Liko katika kuidharau kazi hiyo, na anayeidharau kazi humdharau pia mwenye kuifanya.

Wa nne ndio wagumu zaidi, maana wanasema kwa sauti ya ibada: "Sisi ni nyumba ya kanisa, kazi yetu ni ya huruma. Mtumishi wetu asidai kama kibarua wa kampuni."

Kwa hao nitasema polepole. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulifundisha kwamba kinachodaiwa kwa haki kisitolewe kana kwamba ni zawadi ya mapendo. Na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1286, inawaagiza wasimamizi wa mali ya Kanisa kufuata sheria za nchi juu ya kazi, na kuwalipa watumishi mshahara wa haki utakaowatosha wao na jamaa zao. Haya hayakuandikwa na wapinzani wa Kanisa. Na sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka mpaka wa saa 45 za kazi kwa juma. Mwenye kumwajiri mtu amwoshe mzee wake usiku na mchana, siku saba, ajue amevuka mpaka huo mbali sana.

Tena utakatifu wa nyumba haumlindi mtumishi kwa wenyewe. Mtakatifu Jeanne Jugan wa Ufaransa, mwaka 1839, alimchukua mjane mzee, kipofu, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Kutoka hapo likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, wanaowatunza wazee katika nchi nyingi. Je, alitendewaje? Padri aliyelisimamia shirika alimwondoa katika uongozi, akamweka kando tangu mwaka 1852 hata kufa kwake mwaka 1879, hata wanovisi waliokaa naye hawakujua kwamba yeye ndiye mwanzilishi. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Yeye alivumilia, na Mungu akamtukuza. Lakini nani atathubutu kusema kwamba kwa hiyo yule padri alifanya vema? Uvumilivu wa anayeonewa ni sifa yake yeye. Hauwi ruhusa kwa anayemwonea.

Serikali nayo isikie

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 36, inaahidi kila mfanyakazi malipo ya haki yanayomwezesha yeye na jamaa yake kuishi kwa heshima ya kibinadamu. Na katika kifungu cha 49 inawaahidi wazee ulinzi wa pekee. Ahadi hizo mbili ni pacha. Mzee hawezi kulindwa na mwuguzi mwenye njaa. Kila mtu anajua kwamba wauguzi wengi wa Kongo hawajaingizwa katika orodha ya mshahara wa serikali. Wengine hupata primi tu, wengine hawana hata namba ya matrikili, wanaishi kwa sehemu ya fedha anayolipa mgonjwa. Kisha tunashangaa kwamba mwuguzi anatazama mfuko wa mzee kabla ya kutazama ulimi wake.

Hapo pia ninalo la kuungama. Siku moja, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nilimkaripia mwuguzi mbele ya watu kwa sababu alichelewa kuja kitandani kwa mama yangu mdogo. Alinyamaza. Baadaye mfagiaji akaniambia kwamba mama yule alikuwa peke yake zamu ya usiku wa tatu mfululizo, katika chumba kilichojaa, na miezi mingi hajapata kitu. Nilirudi kumwomba radhi. Akaniambia: "Baba, wewe ni wa kwanza kurudi."

Neno kwa watunzaji wenyewe

Haki ina pande mbili. Kuchoka hakumpi mtu ruhusa ya kumpiga mzee, wala kumtukana, wala kumnyima maji ili asikojoe kitandani, wala kumwachia katika uchafu ili jamaa waone. Mambo hayo yanatendeka, na ni dhambi. Lakini mtu asitafute dawa ya dhambi hiyo kwa kumlaani mkosaji tu. Ng'ombe akianguka chini ya mzigo, mwenye akili huutazama mzigo kwanza. Nawe mtunzaji, sema kabla hujaanguka. Kusema "nimechoka" si dhambi. Hata Musa, alipoinua mikono juu ya mlima, mikono yake ilichoka. Haruni na Huri wakaishika, huyu upande huu, huyu upande huu. Hakuna aliyemwambia kwamba imani yake ni ndogo.

Tufanye nini?

Turudi kwa Msamaria na mambo yake matatu.

La kwanza, kushika zamu. Kila shirika letu la kikristo liwajue wazee wake wasioweza kuondoka kitandani, na waandikwe watu wa kumpokea mtunzaji, usiku mmoja kwa juma. Wanaume nao waandikwe. Mikono iliyochimba dhahabu Salamabila yaweza kumnyanyua baba mzee. Tunafanya salongo kwa ajili ya daraja na kwa ajili ya kanisa. Tuifanye pia kwa ajili ya mgongo wa binti mmoja.

La pili, kulipa. Jamaa wakutane mzee akiwa hai, si siku ya matanga. Waandike: nani atatoa sabuni, nani chakula, nani karo ya shule ya yule anayebaki. Aliyeajiriwa apewe mshahara uliotajwa mbele ya mashahidi, na siku yake ya kupumzika. Na nyumba zetu za Kanisa zilizo na watumishi wa kuuguza zianze wao, ili tukihubiri watu wasicheke.

La tatu, kurudi. Anayepita kumsalimu mgonjwa amsalimu na mtunzaji, amwulize kama amelala. Mwuguzi wa kituo akipita kijijini, aombwe kumfundisha kazi. Na mzee akifa, mwenye kuongoza sala amtaje mtunzaji kwa jina lake mbele ya watu wote, kabla ya kuwataja walioleta sanduku. Mimi nimeanza kufanya hivyo.

Kuhusu yule msichana: niliwafuata wale wana watatu wa marehemu. Nikawaambia kwamba nilikosea siku ya maziko, na kwamba amri ya nne haijakwisha kwao. Wa Kindu alikubali kumlipia minervali, na wa Bukavu akatuma fedha za madaftari na sare. Msichana amerudi shuleni, anakaa darasani na watoto waliokuwa wadogo zake. Yule wa tatu, aliyekuja na sanduku zuri, aliniambia kwamba Mungu atamlipa binti huyo. Bado namngoja, na kama gazeti hili litafika Salamabila, ajue kwamba nitarudi.

Tumsifu Yezu Kristu.